Kidonda Hupona kwa Siku, Waya Hushika kwa Wiki: Kupona na Kuruhusiwa Baada ya Kuwekewa Kifaa cha Mapigo ya Moyo

Mgonjwa aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo mara nyingi huamka kesho yake akijisikia mzima kuliko alivyokuwa kwa miezi mingi. Kizunguzungu kimekwisha, pumzi imerejea, na kidonda chenyewe ni kidogo, sentimita 4 hadi 6 tu chini ya mtulinga. Nafuu hiyo ya haraka ndiyo inayoweza kumponza. Ngozi hufunga ndani ya siku chache, lakini waya uliopelekwa ndani ya moyo huhitaji wiki kadhaa kushikwa na kovu, na betri iliyomo kifuani huhitaji kukaguliwa maisha yote. Anayedhani kwamba tiba ilikwisha siku aliporuhusiwa anaweza kupoteza katika mwezi mmoja shambani kile alichokisafiria mamia ya kilomita.

Somo hili limekusudiwa mgonjwa, ndugu anayemuuguza, na mhudumu wa zahanati au kituo cha afya mkoani Singida atakayempokea. Baada ya kulisoma, msomaji anatarajiwa aweze kueleza yanayofanyika wodini kabla ya ruhusa, kumsaidia mgonjwa kuutunza mkono na kidonda katika wiki sita za mwanzo, kutambua vifaa vya kukaa navyo mbali, na kujua dalili zinazomlazimu mgonjwa kurudi hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Kifaa na kazi yake

Moyo una umeme wake. Kituo kidogo kilichomo katika chemba ya juu ya kulia hutoa chaji inayosafiri hadi chemba za chini na kuziamuru zikaze. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Kituo hicho kikichoka, au njia ya umeme ikikatika kati ya chemba za juu na za chini, mapigo huweza kushuka hadi 40, 30 au chini ya hapo. Ubongo hukosa damu kwa sekunde chache, mtu huanguka bila onyo, kisha huinuka akishangaa. Si ajabu mtu wa namna hiyo kutibiwa kwanza kama mwenye kifafa, au ukoo kutafuta aliyemroga, kabla mtu yeyote hajahesabu mapigo yake.

Kifaa chenyewe, ambacho wengi hukiita betri ya moyo, ni kikebe bapa cha madini ya titani chenye uzito wa gramu 20 hadi 50. Ndani yake mna betri na saketi ya kompyuta. Kikebe hukaa chini ya ngozi ya kifua, kwa kawaida upande wa mkono usiotumika sana, na kutoka humo waya mmoja au zaidi hupita ndani ya mshipa hadi moyoni. Kifaa husikiliza kila pigo. Moyo ukipiga wenyewe kwa wakati, hukaa kimya. Ukichelewa, hutoa chaji ndogo ambayo watu wengi hawaihisi.

Ifahamike mapema kwamba kifaa hiki hutibu mapigo ya polepole tu. Hakishushi shinikizo la damu, hakifungui mshipa ulioziba, wala hakichukui nafasi ya dawa. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayeacha vidonge vyake kwa kuwa sasa ana betri hujiweka katika hatari ya kiharusi.

Saa za kwanza wodini

Upasuaji huu hufanywa kwa ganzi ya sehemu, na mara nyingi huchukua saa 1 hadi 2. Dawa ya kuzuia maambukizi hutolewa kwenye mshipa muda mfupi kabla ya ngozi kuchanwa. Baadaye mgonjwa hulazwa kwa saa kadhaa, mapigo yake yakifuatiliwa kwenye skrini, na muuguzi akikagua bandeji kuona kama damu inavuja au uvimbe unakua.

Vipimo viwili havipaswi kurukwa. Cha kwanza ni picha ya eksirei ya kifua. Picha hiyo huonyesha kama ncha za nyaya ziko mahali pake, na kama pafu halikutobolewa wakati mshipa ulipotafutwa chini ya mtulinga. Cha pili ni ukaguzi wa kifaa. Daktari au fundi huweka juu ya kifua kichwa cha kompyuta maalumu inayozungumza na kifaa kupitia ngozi. Kompyuta husoma nguvu ya betri, uzima wa nyaya, na kiasi cha chaji kinachotosha kuuamsha moyo. Kiasi hicho kikiwa kimepanda ghafla tangu jana yake, huenda ncha ya waya imesogea, na ni afadhali ijulikane mgonjwa angali kitandani.

Maumivu ya kidonda ni ya kawaida na hutulizwa na parasetamo. Michubuko inayoshuka kuelekea titi au kwapa pia ni ya kawaida, hasa kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Kwikwi isiyokoma, misuli ya tumbo au kifua inayoruka kwa mpigo, pumzi kukatika, au maumivu makali ya upande mmoja wa kifua si mambo ya kuvumilia. Mgonjwa amwambie muuguzi saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Kabla ya kutoka mlangoni

Wagonjwa wengi ambao hawakupata tatizo huruhusiwa siku inayofuata. Mwenye homa, anayevuja damu, au ambaye kifaa chake hakijakaguliwa hubaki. Ruhusa nzuri ina vitu vitano, na ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuviuliza kimoja kimoja.

Kwanza, kadi ya kifaa. Kadi hiyo hutaja kampuni iliyotengeneza kifaa, aina yake, namba zake na tarehe kilipowekwa. Ikae pamoja na kitambulisho, na picha yake ihifadhiwe kwenye simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja.

Pili, karatasi ya ruhusa inayotaja sababu ya kuwekewa kifaa na kasi ya chini kilichopangiwa, kwa mfano mapigo 60 kwa dakika. Namba hiyo ndiyo itakayomwezesha mhudumu wa zahanati kujua kama kifaa kinafanya kazi.

Tatu, dawa: zipi ziendelee, zipi ziachwe, na lini. Mwenye kutumia wafarini asiiache wala kuianza kwa uamuzi wake.

Nne, mahali na siku ya kukaguliwa kidonda na kutolewa nyuzi, ikiwa zilizotumika si za kuyeyuka. Mara nyingi hiyo huwa kati ya siku ya 7 na ya 14, na inaweza kufanyika karibu na nyumbani.

Tano, tarehe ya kliniki ya kifaa na namba ya simu ya kitengo.

Maelezo ya mdomo husahaulika njiani. Kwa hiyo muuguzi hodari hamwulizi mgonjwa kama ameelewa. Humwambia, “Mama, nionyeshe mkono huu utauinua mpaka wapi,” kisha humtazama. Ndugu atakayeishi naye nyumbani awepo wakati huo, kwa kuwa yeye ndiye atakayemkataza kuchota maji.

Safari ya kurudi Singida

Tiba hii hupatikana katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, na pia katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kutoka Dodoma hadi mjini Singida ni takriban kilomita 240. Kutoka Dar es Salaam ni karibu 700, na bado mgonjwa wa kijijini huenda ana barabara ya vumbi mbele yake. Aliye na jamaa mjini hufanya vyema kupumzika kwao siku chache kabla ya safari ndefu, kwa sababu hewa inayovuja kutoka pafuni na damu inayojikusanya chini ya kidonda huweza kujitokeza baada ya siku ya kwanza.

Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, haina madhara kwa abiria mwenye kifaa. Katika gari dogo, abiria wa kiti cha mbele hukaa kushoto, na mkanda hupita juu ya bega la kushoto, palepale penye kidonda cha wengi. Mkanda usiachwe kwa sababu hiyo. Aweke kanga iliyokunjwa chini yake, au akae kiti cha nyuma upande wa kulia. Mizigo ibebwe na mwingine. Bodaboda kwenye njia ya makorongo iepukwe, kwa kuwa abiria hujishika kwa nguvu na kuvuta bega kila tairi linapotumbukia.

Anayeendesha gari mwenyewe asubiri kauli ya daktari. Nchini Uingereza dereva wa gari binafsi huzuiwa kwa wiki 1 na wa basi au lori kwa wiki 6. Kipimo hicho kinampa mwanga dereva wa bodaboda au wa lori la vitunguu: kuzimia mara moja barabarani kunaua zaidi ya mtu mmoja.

Wiki sita za mkono

Mwanzoni ncha ya waya hushikiliwa moyoni na skrubu ndogo mno au vikulabu vyembamba. Baadaye moyo wenyewe huizungushia kovu, na kovu hilo hukomaa kwa takriban wiki 4 hadi 6. Kabla ya hapo, mkono unaoinuliwa juu au kuvutwa kwa ghafla huweza kuusogeza waya. Waya ukisogea, kifaa hutoa chaji isiyoufikia moyo, kizunguzungu cha zamani hurudi, na mgonjwa hulazimika kufunguliwa tena.

Kanuni ni mbili: kiwiko cha upande wa kifaa kisivuke kimo cha bega, na mkono huo usibebe zaidi ya kilo 5. Zikitafsiriwa katika maisha ya Singida, kanuni hizo zina maana hii. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na hushikiliwa kichwani kwa mkono ulioinuliwa, kwa hiyo imevunja kanuni zote mbili. Kuvuta maji kisimani kwa kamba, kutwanga, kupasua kuni, kuanika nguo kwenye kamba ya juu, kusuka nywele na kushika plau la ng'ombe ni kazi za watu wengine kwa wiki hizo sita. Mama asimbebe mtoto mgongoni, maana mbeleko hupita juu ya kidonda. Katika sala au nyimbo za sifa, mikono iinuliwe kiasi ambacho viwiko havipiti bega.

Ugumu wa kweli ni kalenda. Singida ina msimu mmoja wa mvua, na aliyewekewa kifaa Novemba au Desemba hurudi nyumbani wakati wa kulima na kupanda alizeti. Kumwambia mkulima apumzike bila kuuliza nani atalima ni ushauri nusu. Jambo hilo lijadiliwe na familia kabla ya ruhusa: kijana gani atakuja, shamba lipi litapandwa kwanza, nani atachota maji. Upasuaji usio wa dharura unaweza hata kupangiwa tarehe kwa kuzingatia hilo. Lakini mwenye mapigo 30 na anayezimia asisubiri mavuno.

Kwa upande wa pili, kuufunga mkono kwa khanga wiki nzima nako kuna madhara. Bega lisilosogezwa hukakamaa na kuuma kwa miezi. Mkono utumike kula, kuvaa, kunawa na kuandika kuanzia siku ya kwanza. Baada ya wiki sita, na kliniki ikiridhika, mgonjwa hurudi kwenye jembe lake kwa hatua.

Kidonda

Kidonda kikae kikavu mpaka kifunge. Kwa siku hizo mgonjwa ajifute kwa kitambaa badala ya kujimwagia maji. Nguo iwe safi na isibane, na mshipi wa sidiria usisugue mahali hapo. Visipakwe mafuta ya alizeti, majivu, dawa ya meno wala dawa ya mizizi. Kisikandwe kwa maji ya moto. Chale zisichanjwe juu ya kifaa kamwe, si sasa wala baada ya miaka kumi. Kikebe pia kisichezewe kwa vidole, kwa sababu wapo waliokizungusha chini ya ngozi hadi nyaya zikajisokota na kung'oka moyoni.

Mhudumu wa zahanati akiona uvimbe juu ya kifaa, asiutoboe kwa sindano hata kama unaonekana kuwa na maji. Mara nyingi ni damu, na sindano ndiyo itakayoingiza vijidudu. Uvimbe unaokua, wekundu, joto, usaha, au kikebe kinachoanza kuchungulia kwenye ngozi ni sababu ya rufaa siku hiyohiyo. Vijidudu vikishafika kwenye kikebe hujijengea utando ambao vidonge haviwezi kuupenya. Tiba yake ni kuondoa kifaa chote pamoja na nyaya, na dawa za mshipa kwa muda mrefu. Kumpa mgonjwa amoksilini na kumwambia arudi wiki ijayo huficha moto chini ya majivu. Homa isiyoeleweka kwa mwenye kifaa, hata kama kidonda ni kizuri, ipimwe malaria, lakini isiishie hapo. Ikiwezekana damu ichukuliwe kuoteshwa vijidudu kabla ya dawa kuanza.

Umeme, sumaku na kazi za kila siku

Hofu ya vifaa vya umeme huwasumbua wengi kuliko inavyostahili. Redio, televisheni, pasi, jokofu na paneli za sola havina shida. Simu ya mkononi ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa: isiwekwe katika mfuko wa shati wa upande huo, na isikilizwe kwa sikio la upande wa pili. Spika kubwa za kanisani au za harusi zina sumaku nzito. Mtu asiziegemee wala kuzibeba kifuani.

Vitu vinavyozalisha uga mkubwa wa sumaku, kama jenereta inayounguruma, injini ya gari iliyo wazi, mota ya mashine ya kukamua alizeti na inveta ya sola, vikae angalau sentimita 60 kutoka kifuani. Fundi wa kuchomelea asirudi kazini kabla ya kuzungumza na kliniki. Njia ya umeme wa kilovoti 400 itokayo Iringa kwenda Shinyanga kupitia Dodoma na Singida haimdhuru anayepita chini yake kwenda shambani. Kupanda nguzo au kuingia ndani ya uzio wa kituo cha kupoza umeme ni jambo jingine.

Wapo pia wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wa Sekenke wilayani Iramba. Kifaa cha kutambulia madini ardhini hufanya kazi kwa sumaku ya umeme, hivyo sahani yake isisogezwe karibu na kifua. Katika viwanja vya ndege mgonjwa huonyesha kadi, hupita langoni bila kusimama, na huomba kifaa cha mkononi kisishikiliwe juu ya kidonda.

Hospitalini ndiko anakohitaji kusema zaidi. Kila daktari, daktari wa meno na mtaalamu wa fiziotherapia aonyeshwe kadi kabla ya upasuaji, tiba ya joto la umeme au kipimo cha MRI. Altrasaundi ya uchunguzi na eksirei za kawaida hazina tatizo.

Kliniki na betri

Ziara ya kwanza ya kliniki kwa kawaida huwa ndani ya miezi 3, na baadaye kila miezi 6 hadi 12. Hiyo ndiyo ziara inayokosekana kwa urahisi zaidi, kwa sababu mgonjwa hana maumivu na nauli ni ghali. Lakini betri hailii inapokaribia kufa. Hudumu kwa wastani wa miaka 5 hadi 15, kutegemea aina na kiasi moyo unavyokitegemea kifaa, na dalili za uchovu wake husomwa na kompyuta miezi kadhaa kabla ya mwenyewe kuhisi lolote. Muda huo unatosha kuchanga nauli na kupanga tarehe. Aliyeacha kliniki huupoteza, akashtukia ameanguka jikoni.

ECG ya hospitali ya wilaya au ya Rufaa ya Mkoa husaidia, lakini haiwezi kusoma betri. Kila kampuni ina kompyuta yake, na kompyuta ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine. Hii ndiyo sababu kadi ni muhimu, na ndiyo sababu ya kupiga simu kabla ya kusafiri na kuuliza kama mtaalamu na kompyuta ya aina hiyo vitakuwepo.

Betri ikikaribia kwisha, hubadilishwa kikebe tu. Nyaya zikiwa nzima hubaki. Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kuwekewa kifaa chote ndani ya mwili, alifanyiwa upasuaji Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa hicho kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20, na akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86.

Nyumbani mgonjwa ajifunze kuhesabu mapigo yake: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, akiwa ameketi, kwa dakika 1 nzima. Akipata mara mbili mfululizo idadi iliyo chini ya kasi iliyoandikwa kwenye karatasi yake, aende kupimwa ECG siku hiyo.

Dalili zisizosubiri tarehe

Mgonjwa arudi hospitali mara moja akipatwa na mojawapo ya haya:

- kuzimia, au kizunguzungu kama kile cha kabla ya upasuaji;
- kuishiwa pumzi, au maumivu ya kifua;
- kidonda chenye uvimbe unaokua, wekundu, joto au usaha, au ngozi iliyokonda juu ya kikebe;
- homa au kutetemeka kwa baridi;
- mkono wa upande wa kifaa kuvimba wote;
- kwikwi isiyokoma, au misuli inayoruka kwa mpigo.

Maswali ya kujipima

1. Mama wa Ikungi ameruhusiwa siku 10 zilizopita na hana maumivu yoyote. Je, anaweza kubeba ndoo ya maji kichwani ikiwa ataishika kwa mkono wa upande mwingine?

2. Mzee wa Manyoni aliyewekewa kifaa miezi 5 iliyopita ana uvimbe wenye joto juu yake. Zahanati ina sindano na amoksilini. Mhudumu afanye nini kwanza?

3. Kijana wa Kiomboi hajaenda kliniki kwa miaka 3 na anasema yu mzima. Ni jambo gani ambalo hisia zake haziwezi kumwambia?

Majibu: (1) Hapana. Kuitwika na kuitua ndoo huvuta mabega yote mawili, na waya bado haujashikwa na kovu. Asubiri wiki 6 na kauli ya kliniki. (2) Asitoboe, wala asimrudishe nyumbani na vidonge. Ampe rufaa siku hiyohiyo na kupiga simu kitengo kilichomwekea kifaa. (3) Hali ya betri na ya nyaya. Hata leo, kabla ya kufunga safari, atafute kadi yake na kupiga simu kliniki.